Namna ya Kufidia Gharama ya Mafuta katika Safari Ndefu ya Gari: Mfano wa Dar es Salaam hadi Moshi

Mtu anayeendesha gari lake peke yake kutoka Dar es Salaam hadi Moshi analipia viti vitano na kukalia kimoja. Mafuta yanayoongezeka kwa kubeba watu wanne zaidi ni machache mno yakilinganishwa na yale yanayotumika kulisukuma gari lenyewe. Kwa sababu hiyo, njia kubwa ya kufidia gharama ya mafuta ni kuvijaza viti hivyo kwa watu walio tayari kuchangia. Mengine yote, kuanzia upepo wa tairi hadi gunia la mchele linalorudi na gari, yana faida yake, lakini ni faida ndogo. Mwongozo huu unatumia barabara ya Moshi kwa sababu kila Desemba magari mengi binafsi hupita huko yakiwabeba watu wanaokwenda nyumbani kwa sikukuu, kama utani wa siku nyingi juu ya Wachagga unavyosema, kuhesabiwa. Anayekwenda Mbeya, Mwanza au Songea atabadilisha idadi ya kilomita tu, na hesabu itabaki ileile.

Hesabu itangulie mwaliko

Usimwalike mtu yeyote kabla hujajua safari itakula mafuta ya kiasi gani, kwa maana ahadi ya mdomo inayotolewa kabla ya hesabu ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi njiani. Unahitaji tarakimu tatu: umbali, ulaji wa gari lako na bei ya lita.

Umbali ni rahisi. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Himo ni takribani kilomita 560. Wakazi wa Tegeta, Bunju na maeneo ya jirani wanaweza kupitia Bagamoyo na kutokea Msata, na hivyo kuepuka foleni ya Kimara, Kibaha na Mlandizi pamoja na malori yanayoelekea Morogoro. Foleni ni gharama ya mafuta kama kilomita zilivyo, kwa kuwa injini inayonguruma mahali pamoja inachoma mafuta bila kusogeza gari hata hatua moja. Anayeondoka kabla ya alfajiri anaokoa mafuta hapo bila mbinu yoyote ya uendeshaji.

Ulaji wa gari usikisiwe, wala usichukuliwe kutoka kwa rafiki mwenye gari la aina hiyohiyo. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, tumia gari kama kawaida, kisha rudi kwenye kituo kilekile ujaze tena mpaka pampu ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia mara ya pili. Ukipata nafasi, fanya kipimo hiki kwenye barabara kuu, kwa sababu gari linalokwenda kilomita nane kwa lita katika foleni za mjini linaweza kwenda kumi na moja au zaidi likiwa safarini, na ukiwatoza wenzako kwa ulaji wa mjini utakuwa umewaonea.

Bei ya lita hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nayo ni bei kikomo kwa kila mji, yaani kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake lakini si juu yake. Anayetaka kujua bei ya eneo fulani bila kutafuta tangazo lote anaweza kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kama safari yako inaangukia siku za mwanzo wa mwezi, rudia hesabu baada ya Jumatano hiyo, usije ukawa umewaahidi watu mchango uliojengwa juu ya bei ya mwezi uliopita.

Tuchukue mfano wa gari la viti vitano lenye injini ya lita mbili, linalokwenda kilomita 10 kwa lita likiwa limejaa watu na mizigo. Kilomita 560 zitahitaji lita 56. Nikitumia shilingi 3,000 kwa lita, ambayo nimeichagua kwa wepesi wa kukokotoa na si kwamba ndiyo bei ya leo, safari ya kwenda tu itagharimu shilingi 168,000. Kurudi ni kiasi hichohicho, na mizunguko ya kijijini, ambayo wengi husahau kuihesabu, ni yako mwenyewe.

Mchango wa haki ni upi

Kuna watu wanaogawa gharama kwa abiria peke yao, dereva akiwa nje ya hesabu kwa hoja kwamba ametoa gari, tairi, oili na uchovu wake. Hoja hiyo ina uzito, lakini siipendekezi. Safari ingekuwepo hata bila wao, na dereva naye anafika anakokwenda. Gawanya kwa idadi ya watu wazima wote waliomo garini, dereva akiwemo, na uchakavu wa gari uuchukue kuwa wako. Ukitaka kufidiwa zaidi ya hapo, waache wenzako wakulipie chakula cha njiani. Wengi hufanya hivyo bila kuombwa.

Katika mfano wetu, watu watano watachangia shilingi 33,600 kila mmoja. Wakiwa wanne mchango unapanda hadi 42,000, na wakiwa watatu unafika 56,000. Tarakimu hizi hazina maana mpaka uziweke kando ya nauli ya basi. Mwishoni mwa mwaka 2023 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilipanga nauli ya juu ya mabasi ya masafa marefu kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kwa kilomita 560, hiyo ni takribani shilingi 27,000 na 38,000. Angalia viwango vinavyotumika wakati wa safari yako, lakini picha itakuwa hiyohiyo: gari la lita mbili lililojaa linagharimu kila mtu chini kidogo ya basi la daraja la kati, na likipungukiwa na mtu mmoja tu linalizidi. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litatumia mafuta ya shilingi 112,000, na watu wanne watachangia 28,000 kila mmoja, karibu sawa na daraja la kawaida. Gari la viti saba linalokwenda kilomita tisa kwa lita litatumia chini kidogo ya 187,000, na likijaa halali, kila mmoja atatoa chini ya 27,000. Kwa hiyo katika mifano hii gari kubwa linalojulikana kwa kula mafuta ndilo lililo rahisi kuliko yote, mradi kila kiti kina mtu.

Nauli ya basi iwe dari yako. Usimwombe mtu zaidi ya anachotozwa na basi la daraja la kati, hata kama hesabu ya mafuta inakuruhusu. Ni kweli kwamba garini anachukuliwa karibu na mlangoni kwake na mizigo yake haipimwi, lakini pia anakubali kukaa katikati ya kiti cha nyuma kwa saa nane au tisa, bila kuchagua muziki wala mahali pa kusimama.

Ugumu unaanza pale ambapo wasafiri hawashuki mahali pamoja. Tuseme wewe na wenzako wawili mnafika Moshi, mmoja anashukia Same, ambako ni takribani kilomita 450 kutoka Dar es Salaam, na mwingine Korogwe, takribani kilomita 290. Kumtoza wa Korogwe sawa na wa Moshi si haki, na kumkadiria kwa jicho kutaleta maneno. Jumlisha kilomita za kila mtu: 560 mara tatu, ongeza 450, ongeza 290, unapata 2,420. Gawanya 168,000 kwa 2,420 na utapata takribani shilingi 69.4 kwa kila kilomita ya kila mtu. Wa Korogwe atatoa kama 20,100, wa Same kama 31,200, na ninyi watatu 38,900 hivi kila mmoja; kiasi kidogo kinachozidi dari ya basi kwa wenzako, kibebe wewe. Njia hii inawagawia wote mzigo wa viti vinavyobaki vitupu baada ya Korogwe. Pengine ulimkatalia mtu wa Moshi ili kumchukua huyo wa Korogwe. Ikiwa ndivyo, mweleze mapema na mkubaliane alipie kiti zaidi kidogo, si kumdokezea mkiwa mmeshafika Segera.

Watoto wanaopakatwa wasitozwe, ingawa wanaopakatwa hawapaswi kuwa wengi, na usalama wao ni jambo la kufikiria kabla ya mchango. Mtoto anayekaa kiti chake na kufunga mkanda amechukua nafasi ya mtu mzima, hivyo ni sawa mzazi amlipie nusu au zaidi. Baba na mama wenye watoto watatu hawana haja ya kutafuta abiria hata kidogo: gari lao limejaa tayari, na shilingi 168,000 ni chini ya nauli za watu watano katika basi la daraja la kati.

Kurudi ni hesabu nyingine. Watu huondoka Dar es Salaam kwa pamoja kati ya tarehe 20 na 24 Desemba, lakini kila mmoja hurudi siku yake: mwenye likizo fupi anaondoka tarehe 27, mwenye watoto wa shule anasubiri Januari. Kubalianeni safari ya kwenda peke yake, kisha tafuta wa kurudi nao mkiwa hukohuko. Mikusanyiko ya sikukuu ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kumpata mtu ambaye basi limemkosesha tiketi.

Mpaka kati ya mchango na nauli

Kubeba abiria kwa malipo ni biashara, na biashara hiyo inahitaji leseni ya LATRA. Gari lenye namba za njano ni gari binafsi, na yale yanayochukua abiria vituoni kwa kificho, ambayo watu huyaita michomoko, yanajulikana vema kwa askari wa usalama barabarani. Wewe hutaki kufanana nayo kwa namna yoyote. Kwa hiyo usitangaze bei kwa umma, usisimame stendi kuita abiria, usijaze nafasi iliyobaki kwa mtu aliyepunga mkono barabarani, na jumla ya michango isizidi gharama ya mafuta. Pale ambapo mfukoni mwako inabaki faida, hata ya shilingi elfu kumi, utetezi wako kwamba mnagawana mafuta umekwisha.

La bima ni zito zaidi, ingawa ndilo linalozungumzwa kidogo. Bima za magari binafsi kwa kawaida huandikwa kwa matumizi ya mwenyewe na huacha nje ubebaji wa abiria kwa malipo. Wewe unaweza kuita mchango, lakini baada ya ajali anayeamua jina lake ni kampuni ya bima. Kabla ya safari, muulize wakala wako kwa ujumbe wa maandishi kama kugawana mafuta na ndugu au wafanyakazi wenzako kunaathiri bima yako, na utunze jibu. Angalia pia kwamba bima haiishi tarehe ukiwa kijijini.

Wasafiri watafutwe miongoni mwa watu unaowajua au wanaojulikana na mtu unayemwamini: kundi la WhatsApp la ukoo, la kazini, la jumuiya ya kanisani au la msikitini, la mtaani. Ujumbe uwe na kila kitu ndani yake. Andika siku na saa ya kuondoka, mahali pa kukutana, idadi ya viti, kiasi cha mizigo kinachoruhusiwa kwa mtu, kadirio la mchango na jinsi lilivyopatikana. Mtu akiona lita na bei haoni kwamba amepangiwa nauli. Kwa mfano: "Habari za leo wanaukoo. Ninaondoka Jumamosi saa kumi alfajiri kutokea Mbezi Mwisho kwenda Moshi. Nina viti vitatu. Mafuta ni lita 56 na tunagawana wote sawa nikiwemo mimi. Kila mtu begi moja na kifurushi kimoja." Kwa wazee maneno hayo hayatoshi. Shangazi au baba mdogo hapelekewi hesabu kwenye kundi. Anapigiwa simu, anasalimiwa, anaalikwa, na kama atachangia ni kwa hiari yake. Ukimpa mzee kiti, kihesabu kiti hicho kuwa chako na ulipie sehemu yake, wala usiwaachie wenzako mzigo huo kimyakimya.

Pesa itoke vipi

Michango ikikusanywa kwenye simu yako, makato ya kutuma na kutoa yanakula sehemu yake, na ukitaka kurejesha kwa aliyeghairi unakatwa tena. Njia iliyo safi zaidi ni kuwaacha abiria wanunue mafuta wenyewe. Mmoja analipia lita zake kituoni Dar es Salaam kwa lipa namba, mwingine analipia Segera au Korogwe, na kila mmoja anabaki na risiti yake ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Hakuna shilingi inayopita mkononi mwa dereva, hesabu inaonekana na wote, na ikitokea mtu akauliza kama hiyo ilikuwa nauli, risiti zitajibu zenyewe.

Ikiwa lazima ukusanye mapema, kusanya nusu siku tatu kabla ya safari. Anayesitasita kutoa nusu ndiye atakayepiga simu saa tisa usiku kusema ameahirisha. Kubalianeni pia kwamba aliyeghairi usiku wa mwisho harudishiwi, isipokuwa kwa ugonjwa au msiba, kwa kuwa kiti chake kimebaki kitupu na mafuta yale yale yanachomwa. Gharama zisizo za mafuta zisiingizwe kwenye mchango: pancha, faini na oili ni vya mwenye gari. Faini hasa ni ya aliyekanyaga.

Anayesafiri kwa shughuli ya kazi, hata kama ni ya siku moja kati ya siku kumi za likizo, amuulize mwajiri mapema kama sehemu ya mafuta inaweza kurejeshwa, na risiti ya EFD aiombe palepale kituoni. Akirejeshewa, mchango wa abiria upungue kwa kiasi hicho. Kudai mafuta yaleyale mara mbili ni udanganyifu, hata kama hakuna atakayejua.

Mzigo unaokwenda na mzigo unaorudi

Kilo hamsini zaidi ndani ya buti haziongezi sana ulaji wa gari kwenye barabara ya tambarare. Kilo hizohizo zikiwa juu ya paa zinaongeza kwa kiasi kinachoonekana, kwa sababu keria na mzigo wake vinapingana na upepo kila kilomita. Hivyo nafasi ya buti ndiyo mali, na keria itumike tu pale ambapo hakuna njia nyingine, kisha ifunguliwe safari ikiisha.

Wakati wa kwenda, nafasi hiyo inaweza kubeba vifurushi ambavyo ndugu na majirani wangevilipia kwenye basi. Wakitaka kutoa chochote, kiingie kwenye mafuta na kipunguze mchango wa wote. Sharti ni moja, nalo halina udugu: kila kifurushi kifunguliwe mbele yako na kifungwe tena mbele yako. Dereva ndiye atakayeulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, si aliyekituma kifurushi. Mirungi ni haramu Tanzania, nayo hupatikana upande wa milima ya Upare, hivyo uangalifu ni wa kwenda na kurudi. Nyamapori isiyo na kibali ni kesi kubwa. Mkaa nao, ambao huuzwa kwa bei ya kuvutia kando ya barabara kati ya Chalinze na Segera, unahitaji vibali vya misitu na una vizuizi vyake. Gunia mbili za mkaa zinaweza kukugharimu kuliko tangi zima.

Wakati wa kurudi ndipo fidia ya kweli inapoweza kupatikana, si kwa kufanya biashara bali kwa kununua chakula cha nyumba yako kule kinakotoka. Mchele wa Korogwe na Mombo, mahindi ya Himo, tangawizi ya milima ya Same, maharage, ndizi na parachichi za Moshi: linganisha bei ya hapo na bei unayolipa Dar es Salaam, zidisha kwa kiasi ambacho familia yako hula, na utajua kama inalipa. Tuseme tofauti ni shilingi 700 kwa kilo ya mchele na mnakula kilo 20 kwa mwezi. Gunia la kilo 100 litakaa miezi mitano na kuokoa shilingi 70,000, ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya mafuta ya kurudi katika mfano wetu. Vyakula vikavu ndivyo vinavyofaa kwa hesabu hii. Ndizi ni tamu kuzinunua na chungu kuzihesabu, kwa maana zikiiva zote wiki moja utazigawa kwa majirani, na aliyezoea kufika Mabibo kwenye soko linaloitwa Mahakama ya Ndizi anajua kwamba mikungu ya Moshi haiadimiki Dar es Salaam. Nunua mkungu mmoja kwa ajili ya ladha. Matunda ya Lushoto yanayouzwa Mombo nayo yanunuliwe ya kula njiani.

Kuhusu ushuru wa mazao, katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilitangaza kwamba anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Magunia mawili ya nyumbani yako mbali na kiwango hicho. Hata hivyo, yabebwe yanayoonekana kuwa ya nyumbani, na risiti ya ununuzi ikipatikana iwe karibu.

Kupunguza mafuta yenyewe

Sehemu hii ndiyo inayopendwa na wengi, na ndiyo yenye hadithi nyingi. Lililo la hakika ni mwendo. Nguvu ya upepo inayolipinga gari hupanda kwa mraba wa mwendo, maana yake ukitoka kilomita 90 kwa saa hadi 120 upinzani huo unaongezeka kwa karibu asilimia 78. Tuseme kati ya kilomita 560 ni 300 tu zinazokuruhusu kukimbia bila kukutana na kijiji. Kwa 120 utazimaliza kwa saa mbili na nusu, na kwa 90 kwa saa tatu na dakika ishirini. Umeokoa dakika hamsini kwa mafuta mengi, na kilomita zinazobaki hazikusaidii, kwa kuwa kwenye makazi mwendo ni 50. Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga: kote huko askari mwenye tochi ya kupima mwendo anaweza kukusubiri, na faini ya shilingi 30,000 kwa kosa ni lita kumi za mfano wetu. Kosa moja tu linatosha kufuta kila ulichookoa.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, na ujazwe kwa kiwango cha gari lililobeba mzigo, ambacho kwa kawaida huandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo pungufu huongeza ulaji, na kwenye lami ya moto ya kati ya Mombo na Same hupata joto na kupasuka. Chujio la hewa lililoziba, plagi zilizochoka na breki inayoshika vishughulikiwe wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Fundi akigundua tatizo saa nne usiku atakupa suluhisho la saa nne usiku.

Kiyoyozi si adui anayefikiriwa. Ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, kufungua vioo vyote kunaongeza upinzani wa upepo, hivyo tofauti ya mafuta ni ndogo, na dereva anayetokwa jasho jingi mchana wa Makanya huchoka upesi. Kuweka gia huru kwenye mteremko, jambo ambalo madereva wengi hulifanya hasa kwenye mlima Kitonga wakitoka Iringa na Mbeya, hakuna faida yoyote kwa injini za kisasa: gari likishuka likiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, mfumo hukata mafuta, lakini likiwa huru injini huendelea kuchoma ili isizime, na breki zinabeba kazi yote peke yake.

Kuhusu mahali pa kujaza, bei kikomo ya Moshi huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya usafirishaji, kwa hiyo ondoka na tangi lililojaa. Tofauti hiyo ni ya makumi ya shilingi kwa lita, na haistahili kubeba petroli kwenye madumu ndani ya gari lenye watu. Mafuta ya bei nafuu yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara yaachwe kabisa. Pampu ya mafuta iliyoharibika Mkomazi itagharimu safari tatu. Wenye magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia wajaze gesi Dar es Salaam na kuitumia hadi iishe, kisha waendelee kwa petroli, wakikumbuka kwamba vituo vya gesi vimejikusanya zaidi mjini humo na kwamba mtungi umeshachukua sehemu ya buti ambayo ingebeba ule mchele.

Viti visipojaa

Siku mbili kabla ya kuondoka, hesabu waliothibitisha kwa pesa, si kwa maneno. Mkiwa wanne pamoja nawe kwenye gari la lita mbili, nenda. Tofauti na basi ni ndogo, ibebe wewe, na utakuwa na usafiri ukiwa kijijini. Mkiwa watatu pamoja nawe, waulize wenzako kama wako tayari kutoa hadi dari ya nauli ya basi, nawe ubebe kinachobaki. Ukiwa peke yako au na mtu mmoja, linganisha shilingi 168,000 za kwenda na nauli ya 38,000, kisha ujiulize utalihitaji gari kwa siku ngapi ukiwa huko na bodaboda za siku hizo zingegharimu kiasi gani. Mara nyingi jibu litakuwa kuliacha gari Dar es Salaam na kukata tiketi mapema, kwa sababu kuanzia tarehe 20 Desemba viti vya basi navyo huadimika. Anayekwenda Morogoro au Dodoma ana jibu jepesi zaidi tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya miji hiyo na Dar es Salaam mwaka 2024.

Ukiamua kutokwenda na gari, wajulishe waliokwisha kuchangia siku hiyohiyo, uwarudishie pesa zao kamili pamoja na makato, na kama unamjua ndugu mwingine mwenye gari linaloondoka tarehe hiyo, mpe majina yao kabla hajajaza viti vyake.